Chifu kwa Wangu, Mutie kwa Kasyoka

Wangu alianza kumshuku paka wake siku aliyomwona akirudi nyumbani ameshiba. Chifu alipita kando ya bakuli lake la matumbo ya kuchemsha, akalinusa mara moja kama mgeni aliyewekewa chakula cha jana, akapanda kwenye kochi na kumpa mama huyo mgongo. Wangu aliinama akamnusa mdomo. Omena, dagaa wa ziwani. Yeye hapiki omena. Anasema harufu yake hukaa kwenye mapazia mpaka Krismasi.

Katika miji mingine niliyopita, Istanbul kwa mfano, au hata hapa nchini, Mombasa kwenye Mji wa Kale, paka ni wa mtaa mzima, na hakuna anayeuliza amekula wapi. Kabiria, pembeni mwa Nairobi, si hivyo. Ploti ina mwenyewe, bomba la maji lina mwenyewe, kila kamba ya kuanikia nguo ina mwenyewe, na paka vilevile.

Wangu ni mjane wa fundi seremala aliyeitwa Kiragu. Alipoolewa pale Kabiria, familia ya mume bado ililima mahindi. Mahindi yaliondoka, vikaja vyumba vya kupangisha, milango ikitazamana, ua katikati, na nyumba ya wenye ploti mbele karibu na geti. Kwa miaka mingi Wangu alishona sare za shule, mpaka macho yakamkatalia kutunga uzi kwenye sindano. Mwanawe wa pekee, Njuguna, anaendesha lori Kanada na hupiga simu Jumapili huku akipiga miayo. Chifu aliletwa na Kiragu kutoka karakana, ndani ya katoni ya misumari, macho yakiwa ndiyo kwanza yamefunguka. Mwaka uliofuata Kiragu akafa. Waombolezaji waliokuja nyumbani walimkuta kipaka amelala juu ya koti la marehemu, na hakuna aliyethubutu kumtoa.

Basi mwenye paka wa namna hiyo akinusa omena ya mtu mwingine, hawezi kukaa kitako. Jioni ile ile Wangu alifuata harufu hadi chumba cha mwisho kwenye ploti yake mwenyewe. Hapo alikuwa akiishi Kasyoka, mpangaji aliyetoka upande wa Mwingi, mama wa mvulana mmoja aliye shule ya bweni aitwaye Kitavi. Kasyoka hupika katika nyumba moja ya kitajiri huko Spring Valley. Huondoka alfajiri na kurudi taa zikiwashwa. Wangu alimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, viatu amevua, na Chifu mapajani mwake, tumbo juu.

Tumbo juu. Miaka yote hiyo Chifu hakuwahi kumwonyesha Wangu tumbo.

"Mama Kitavi, naona umepata mgeni."

"Huyu si mgeni, Mama Njuguna. Ni Mutie. Nikitoka kazi namkuta hapa ananingoja."

"Mutie nani?"

"Nilimpea jina ya babu yangu. Naye alikuwa hivi tu, anakula halafu anaenda bila kuaga."

Kasyoka alicheka. Wangu hakucheka. Kwa Wakikuyu, watu wa Wangu, jina la babu hupewa mtoto wa kiume wa kwanza, na mtoto huyo huonekana kama babu amerudi. Mtu akimpa paka jina hilo, ama anafanya mzaha, ama amemfanya paka kuwa mtoto wa nyumba yake. Wangu alirudi kwake akiwa ameamua kwamba huo haukuwa mzaha.

Vikaanza vita ambavyo upande mmoja haukujua kama vipo. Wangu aliacha matumbo akaanza kununua maini. Kasyoka, bila kujua kwamba anashindana na mtu, alileta mabaki ya kuku wa Spring Valley, kuku aliyepakwa siagi na kuchomwa polepole kwenye jiko la umeme. Wangu akaanza kumfungia Chifu ndani ilipofika saa ya Kasyoka kurudi. Chifu akapanda dirishani na kulia kama mtoto aliyenyimwa titi, na Wangu akaongeza sauti ya redio. Jirani mmoja alimuuliza siku hizi anasikiliza nini kwa sauti ile. Akajibu ni habari za bunge.

Ndipo kidole cha Wangu kilipogusa kitu. Kilikuwa shavuni mwa Chifu, upande wa kushoto, nyuma tu ya masharubu: kiuvimbe kigumu, chekundu, kisicho na manyoya, kikubwa kama punje ya njahi, yale maharagwe meusi. Juma lililofuata kilikuwa kama mbili. Wazo lake la kwanza, alivyoniambia mwenyewe bila kuona haya, halikuwa la ugonjwa. Alijiuliza kama Mama Kitavi alikuwa ameshakiona.

Alimpeleka Chifu kwa Haron, mtu wa dawa za mifugo mwenye duka upande wa Riruta. Haron hutibu mbuzi na ng'ombe wachache waliobaki mitaa hiyo, huchanja mbwa, na anaposhika kisu mkono wake hautetemeki. Alikitazama kiuvimbe, akasema huenda ni jeraha la kupigana lililogeuka sugu, huenda ni kitu kingine. Wapo watu wa mjini ambao hupeleka vitu kama hivi maabara, akitaka. Wangu alisema hataki mambo mengi, akate tu. Haron akachoma ganzi, akakata, akashona. Kiuvimbe chenyewe akakitumbukiza kwenye chupa ya fomalini na kuiweka dirishani, kwenye rafu inayotazama barabara. Hiyo ndiyo desturi yake. Pale ana minyoo ya mbuzi, jiwe lililotoka kwenye kibofu cha mbwa, na ndama mchanga mwenye pua mbili, ili mpita njia ajue kwamba humo ndani kuna mtu wa kazi.

Wangu angeweza kumrudisha paka nyumbani na kueleza kwamba alikuwa mgonjwa na amekatwa. Lakini angeeleza, Kasyoka angekuja kumpa pole. Angeingia sebuleni, angeketi kwenye kochi, na Chifu angempandia. Kwa hiyo alimfungia paka chumbani kwake mpaka manyoya ya shavuni yakaota tena.

Muda wote huo Kasyoka alimtafuta. Alimuuliza Wangu getini, na Wangu akamjibu kwamba paka dume hutembea.

"Atakuwa ameoa huko Kawangware," alimwambia. "Wanaume ni hivyo, mama."

Jioni Kasyoka alizunguka ua mzima, akatoka nje mpaka mtaroni akiita, "Mutie! Mutie!" na watoto wa ploti wakamwigiza. Ndani, kitandani kwa Wangu, Chifu alisimamisha masikio. Wangu alimkandamiza mgongo na kumwambia alale. Anakiri kwamba jioni zile zilimpendeza. Sauti ya nje ilipoanza kukatika, alijisikia kama mtu aliyelipwa.

Manyoya yalipoota, akafungua mlango. Chifu alipita ua mbio, moja kwa moja mpaka chumba cha mwisho, wala hakugeuka.

Mvua za masika zikaja zikaisha. Safari hii aliyegusa kitu alikuwa Kasyoka: tezi imevimba chini ya taya la paka, upande wa kushoto, ngumu kama kokwa. Chifu alianza kukabwa akila. Bibi mzee anayemwajiri Kasyoka ana mbwa wawili, na daktari wa mbwa hao ana kliniki yake palepale Spring Valley. Bibi akasema paka naye apelekwe huko. Kasyoka akaondoka naye asubuhi ndani ya kiondo, amemfunika leso, na hakumwambia Wangu. Hakuona sababu ya kumwambia. Machoni pake Wangu alikuwa mwenye ploti anayemlisha paka wakati mwingine.

Daktari Maureen alichukua kipande cha tezi na kukipeleka maabara katikati ya jiji. Majibu yalipokuja alimketisha Kasyoka chini. Ni saratani, alisema, ya aina isiyoonekana mara nyingi. Seli zake zina tabia mbili: zinafanana na za neva na pia zinafanana na zile zinazotoa homoni mwilini. Seli kama hizo hazianzii kwenye tezi. Hutoka mahali pengine, mara nyingi ndani: utumbo, kongosho, mapafu. Picha za kifua na tumbo hazikuonyesha kitu, maana yake shina limejificha. Akamuuliza kama paka amewahi kuwa na uvimbe wowote kwenye ngozi, hasa usoni.

Kasyoka aliapa. Alisema anamjua paka yule kila pahali, na makovu aliyo nayo ni ya kupigana.

Daktari akasema basi kuitoa tezi ni kupunguza tawi na kuliacha shina, na mnyama tayari anashindwa kumeza. Wakakubaliana kwamba Ijumaa atachomwa sindano ya kulala asiamke.

Jumatano Kasyoka alipewa ruhusa ya kukaa nyumbani. Alikuwa bombani na karai la nguo, na wanawake wa ploti wamemzunguka, akisimulia na kulia kwa pamoja. Wangu alikuwa upande wa pili wa ua anaanika mashuka. Alisikia swali la daktari kuhusu uvimbe usoni, akasikia neno Ijumaa, akasikia neno sindano. Alisimama nyuma ya shuka lililolowa akijiambia kwamba atasema, kwamba anatafuta tu jinsi ya kusema. Huenda angetafuta mpaka Ijumaa ipite. Kilichomfungua kinywa ni kitu kingine.

"Hakuna mtu anajua hiyo paka kama mimi," Kasyoka alikuwa anasema. "Nimemshika kila mahali. Daktari ameniuliza, nikamwambia hana hata kovu moja nisiyojua."

Shuka likasukumwa pembeni.

"Hana nini?"

"Kovu, Mama Njuguna. Daktari alikuwa anauliza kama..."

"Wewe unajua nini? Unamlisha jioni halafu unajiita mama yake. Weka kidole hapa, nyuma ya masharubu, upande wa kushoto. Hiyo ni uzi ya Haron. Mimi ndio nilimshika akikatwa."

Bomba liliendelea kumwaga maji kwenye karai lililojaa. Mmoja wa wanawake akalifunga.

"Kukatwa nini?" Kasyoka aliuliza.

"Kiuvimbe."

"Lini?"

Wangu alielewa alichokuwa amesema, lakini alikuwa ameshafika mbali mno. "Ule wakati ulisema amepotea."

Kasyoka hakupiga kelele. Waliokuwepo wanasema afadhali angepiga. Aliinuka, akajifuta povu mikononi kwa gauni lake.

"Kwa hivyo alikuwa hapo ndani. Nikimwita."

"Alikuwa anapona."

"Nilikuwa nafika mpaka kwa mtaro, Mama Njuguna. Nikiita. Watoto wananicheka."

Kasyoka alimtazama miguuni, ambako alikuwa na malapa ya bafuni.

"Vaa viatu," akasema. "Twende."

Ndiyo mara pekee mpangaji kumwamuru Wangu katika ploti yake, na alitii; paka akaingizwa tena kiondoni.

Kliniki ya Spring Valley ina viti laini na picha za meno ya mbwa ukutani. Wangu aliona mara moja kwamba wanamfahamu Kasyoka pale, na kwamba muuguzi alimuuliza hali ya Mutie. Hilo nalo lilimchoma. Daktari Maureen alisikiliza hadithi bila kumlaumu mtu, kisha akapapasa shavu la paka, akagawanya manyoya, akaliona kovu jembamba kama uzi. Akasema kama kile kiuvimbe kilikuwa ni kitu kimoja na hiki cha kwenye tezi, mambo yanabadilika: shina lilikuwa kwenye ngozi, tena lilishatolewa, na tezi ndiyo kituo chake cha kwanza. Hapo kuna sababu ya kumpasua badala ya kumlaza. Lakini hawezi kumpasua mnyama dhaifu namna ile kwa kubahatisha.

"Kile kiuvimbe kilitupwa wapi, mama?"

"Hakikutupwa," Wangu alisema. "Kiko dirishani."

Haron hakufurahi kukitoa. Alisema chupa hiyo huvuta wateja kuliko ile ya minyoo. Wangu alimwambia maneno ya Kikuyu ambayo sitayaandika hapa, na chupa ikatoka.

Asubuhi ya Alhamisi wanawake wawili waliteremka jijini, Wangu amevaa suti yake ya kanisani, chupa ndani ya mkoba wake, imefungwa kwenye taulo. Walipita katikati ya wachuuzi wa soksi na vifuniko vya simu, mmoja mbele mwingine nyuma, bila kusemezana. Kasyoka aliomba kubeba, Wangu akakataa. Maabara ilikuwa juu kabisa katika jengo lililo nyuma ya Moi Avenue, na lifti ilikuwa imeharibika. Kwenye ngazi magoti ya Wangu yalianza kulalamika. Alisimama, akashika ukuta, na bila kumwangalia mwenzake akautoa mkoba. Kasyoka akaupokea. Wangu aliuona ukipanda mbele yake, begani mwa mtu mwingine, akapandwa na wivu uleule wa kigoda na tumbo juu. Wivu kwa kipande cha nyama kwenye chupa.

Nyuma ya kaunta alikuwepo mhudumu mmoja mtu mzima, Tobias, mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Jina la mnyama?"

"Chifu," Wangu akasema haraka.

Tobias akatafuta. Hakuna Chifu. Daktari Maureen alikuwa amepiga simu, lakini kuhusu paka aitwaye Mutie. Je, hawa ni paka wawili? Kwa sababu chupa hii ikiingia kwa jina la Chifu, alieleza kwa subira, itasomwa kama ya mnyama mwingine, peke yake, na hakuna atakayeilinganisha na tezi ya Mutie.

Wangu alimtazama Kasyoka. Kasyoka angeweza kusema, kinywa anacho. Badala yake alikuwa ameukazia macho ukuta, na Wangu akajua kwamba anaachiwa hilo makusudi.

"Ni Mutie," akasema.

"Mwenye paka?"

Nyuma yao mtu mwenye sampuli ya ng'ombe alikohoa.

"Ni huyu. Anaitwa Kasyoka. Paka ni yake."

Wangu anasema ngazi zilikuwa rahisi kuliko neno lile. Kasyoka hakumshukuru. Aliuweka sawa mkoba begani, na kurudi chini alitangulia yeye.

Ijumaa ilifika bila majibu, na Daktari Maureen akaahirisha sindano. Chifu alilishwa uji wa nyama kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Majibu yalipokuja, daktari aliwaita wote wawili. Vilikuwa kitu kimoja. Alisema uvimbe huu aliwahi kuusoma tu vitabuni; mbwa wakiupata mara nyingi huwa mpole, lakini kwa paka ni mkali na hukimbilia tezi. Seli zake zinafanana na zile zinazokaa sehemu ya chini ya tabaka la juu la ngozi, nyingi zaidi kwenye mizizi ya masharubu. Kazi ya seli hizo, alisema, ni kuhisi mguso.

"Kuguswa na nini?" Wangu aliuliza.

"Na chochote. Ukuta, panya, mkono."

Wangu alifikiri kidogo. "Mtu akimpapasa sana hapo, inaweza kuleta?"

Daktari alitabasamu akasema hapana, hakuna mkono uliosababisha. Wanawake wale walikuwa tayari wameangaliana mikono, na nadhani kila mmoja alitoka pale amepungukiwa na lawama aliyotumaini kumtupia mwenzake.

Operesheni ilikwenda vizuri. Tezi ilitolewa, na nyama iliyozunguka kovu la Haron nayo ikatolewa. Paka alirudi Kabiria nusu ya uso imenyolewa, shingoni amevishwa koni ya plastiki. Masharti yalikuwa wazi: akae ndani, asiruke, achungwe mchana kutwa, na kila juma apapaswe shingo na mabega, kwa sababu ugonjwa huu hurudi, na ukirudi huenda usisubiri. Daktari hakuahidi miaka. Alisema wamepata muda, na wautumie.

Swali lilikuwa ni nyumba ipi. Kasyoka yuko Spring Valley mchana kutwa, na chumba chake kina dirisha lisilofungika. Walijadiliana getini, kila mmoja akiwa ameshika upande wake wa kiondo. Mwishowe Kasyoka ndiye aliyeachia. Aliweka sharti moja tu: akibisha jioni, mlango ufunguliwe.

Sasa anabisha kila jioni. Wangu anafungua. Kasyoka huketi kwenye kochi, palepale Wangu alipohofia kwamba ataketi, na paka, mwenye koni au asiye na koni, hushuka kitandani na kumpandia. Anampapasa taya, anashuka shingoni, anafika mabegani, taratibu, na Wangu amesimama mlangoni pa jikoni akingojea uso wa mwenzake uonyeshe kwamba ni salama. Ukishaonyesha, Wangu naye hutaka kuhakikisha, kwa sababu kidole cha mtu mwingine huenda kikaruka mahali. Humwita paka Chifu. Kasyoka humwita Mutie. Paka haitikii wala huku wala kule.

Kisha mwenye nyumba huenda kupika chai, kama inavyompasa. Kasyoka amewaambia wanawake wa bombani kwamba Mama Njuguna ni mama mzuri tu, ila chai yake haina rangi. Maji hayajachemka, majani hayajaiva, tayari anaimimina, na amesharudi sebuleni aliko paka.